Barua ya Uswisi na gereji ya Yosefu

Ninyi mnaopekua ukoo wenu kwenye simu mkiwa mmelala chali, hebu kaeni wima kidogo. Juzi mjukuu wangu kanionyesha: unaandika jina la babu, unangoja kidogo, unaambiwa babu wa babu alikuwa nani na alifanya kazi gani. Nikamwuliza, "Na jasho limekutoka?" Akacheka tu. Mimi nilimtafuta Mswisi aliyepotea miaka arobaini kwa mashine ya chapa ambayo herufi yake moja ilikuwa imevunjika mguu, katika nchi ambayo barua ilisomwa na watu watatu kabla ya kumfikia mwenyewe. Jasho lilinitoka, na machozi pia, ingawa kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kuchekesha.

Jina langu Zaituni. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la pamba, na mimi nilikuwa mwandishi wa barua hapa Tororo, mwanamke peke yangu kati ya wanaume watano waliokaa barazani na mashine zao. Wateja walikuja kwangu mwanzoni kwa kushangaa tu, kisha wakarudi kwa sababu sikuwa na pombe mdomoni saa tatu asubuhi. Nimeandikia watu maombi ya kazi, barua za posa, malalamiko kwa wakubwa, na barua za mapenzi ambazo nikikutana na wenyewe barabarani mpaka leo nageuza uso.

Kazi ile nilifundishwa na Mzee Owor, Mjapadhola mwembamba wa miwani iliyofungwa uzi. Alinifundisha kuanika kaboni iliyochoka juani ili ilainike na kuandika tena. Alinifundisha kudondoshea utepe mkavu mafuta kidogo ya cherehani na kuulaza usiku mzima ndani ya kopo. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja: "Binti, usiingize karatasi kwenye mashine kabla mteja hajachoka kusema. Yeye hajui kipi ni cha maana. Na wewe hujui pia." Mimi nikawa naitikia, ndiyo Mzee, huku moyoni nasema huyu mzee anapoteza muda wa watu. Nilijiona hodari sana wakati huo. Mteja akianza habari za shangazi yake, mimi nilishafika "Wako mtiifu".

Hodari huyo ndiye aliyeandika barua mbili za mtu wa Mulanda, moja ya kumwomba bwana mkubwa likizo, nyingine ya kumbembeleza mke aliyerudi kwao, akazitia katika bahasha zisizo zake. Bwana mkubwa akasoma kwamba kitanda ni baridi na kwamba arudi yote yasamehewe. Mke akasoma kwamba anaombwa siku kumi na nne bila mshahara. Mke alirudi, kwa kuwa alitaka kujua mumewe amepata wazimu gani. Likizo haikupatikana.

Sasa nije kwa Yosefu.

Yosefu alikuwa na gereji karibu na barabara ya Busia, fundi wa injini ambaye akisikiliza lori likipita alikwambia linaumwa wapi. Mama yake alikuwa Msamia wa Lumino. Baba yake, Bwana Jakobo, alikuwa Mswisi, fundi wa mashine za kuchambua pamba, aliyekuja na mashine zake zamani za Waingereza. Jakobo alimwoa mama yule kanisani, wakazaa mtoto mmoja. Mtoto akiwa bado anatambaa, Jakobo alikwenda Mombasa kuchukua chuma cha mashine, akasema atarudi kabla ya msimu wa pamba. Hakurudi. Yosefu alibaki na rangi ya baba, nywele za baba na sanduku la chuma la vifaa vya baba, na moyo wa kutotaka kumsikia.

Kisha likaja lile tangazo la serikali ya jeshi kwamba Wahindi waondoke nchini katika miezi mitatu. Mwenye duka ambaye mimi nilikaa barazani kwake alikuwa Mhindi aliyezaliwa Tororo, na baba yake pia alizaliwa Tororo. Alifunga mizigo miwili, akaniachia kigoda nilichokuwa nakalia, akasema, "Zaituni, hiki hawakihesabu." Nilimlilia mtu yule. Mpaka leo sijui aliishia wapi, na bado linaniuma.

Siku hizohizo Kapteni mmoja wa kikosi cha jirani alipita mbele ya gereji ya Yosefu, akaipenda. Gereji za Wahindi walioondoka zilikuwa zinagawiwa, na Kapteni alijua wa kugawiwa ni nani. Tatizo lilikuwa kwamba Yosefu si Mhindi. Kapteni hakuona hilo kama tatizo kubwa.

Akamwita ofisini. "Wewe Muhindi unajificha kwa Wasamia," akamwambia.

"Afande, baba yangu Mswisi."

"Mswisi ni kabila gani? Karatasi iko wapi?"

Karatasi haikuwapo. Cheti cha ubatizo kilikuwa kimeliwa na mchwa, na kitabu cha misheni kimeungua pamoja na bweni. Kapteni akampa mpaka mwisho wa ile miezi mitatu alete barua ya Wazungu wenyewe kwamba yeye ni mtoto wao, la sivyo apande gari moshi na "ndugu zake". Tena barua ifunguliwe mbele yake, kwa kuwa waandishi wa barua wa Tororo anawajua wanavyopika.

Mnaona jambo lenyewe lilivyo? Siku hizi mtu anatafuta babu Mswisi ili aende Uswisi. Yosefu alimtaka Mswisi ili abaki Tororo.

Alikuja barazani na mama yake. Wasamia humwita bibi Kukhu, na mimi nilimwita Kukhu Ajiambo. Alikuwa mama mfupi, miguu peku, aliyetembea na karanga kwenye pindo la nguo na kutafuna huku akiongea. Na aliongea! Alianza na jinsi Jakobo alivyokula ugali kwa uma. Akaja jinsi alivyoimba vibaya. Kisha akageukia matusi, na hapo alikuwa fundi kuliko mwanawe. Mwanamume yule, akasema, alikuwa mwongo mwenye magoti mekundu, kwenye meli alipanda akicheka, na kama huko Uswisi ana mke mwingine basi Mungu ampe meno mabaya. Kisha akaanza, "Siku ya kwanza aliniambia, mimi ni mtu wa..."

"Kukhu," nikasema, "tufupishe. Alizaliwa wapi?"

"Kuzaliwa? Zurich. Lakini yeye si mtu wa..."

"Inatosha, Kukhu."

Nikaingiza karatasi. Katika fomu zote nilizojaza maishani kulikuwa na mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo nikaandikia ofisi ya mji wa Zurich, nikiwa nimejiridhisha kabisa. Mzee Owor, aliyekuwa amekaa mashine ya pili, alivua miwani yake akaifuta, na mtu anayemjua angejua kwamba amenisikitikia.

Barua yenyewe sikuitia posta ya Tororo. Nani angefanya hivyo? Posta ile ilikuwa na vijana wenye miwani myeusi waliopenda sana kujua habari za nje. Niliifunga kiunoni chini ya kanga, nikaenda mpaka Busia, nikavuka na wanawake wa sokoni nikiwa na kikapu cha ndizi, nikaitia posta ya upande wa Kenya. Anwani ya jibu ilikuwa duka la binamu yangu Shabani, ng'ambo hukohuko. Kila Jumatano nilivuka na ndizi. Mwanajeshi wa mpakani akanizoea, akawa ananiuliza bei. Ndizi zangu zilikuwa mbaya makusudi, ili asininunulie kikapu chote nikakosa sababu ya kuvuka.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Lilikuwa la Zurich, siyo lile la kumfungulia Kapteni, kwa kuwa hata kwa kulipapasa nililijua ni jembamba mno. Nikalisoma hapohapo dukani kwa Shabani. Waliandika kwa Kiingereza safi kwamba wanasikitika. Kuzaliwa Zurich hakumfanyi mtu kuwa wa Zurich. Mswisi huandikwa katika kitabu cha kijiji cha asili yake, walikotoka baba zake, hata kama yeye hajawahi kukanyaga huko. Tafadhali tajeni kijiji cha asili.

Nilisoma mara tatu nikaona Wazungu wamechanganyikiwa. Mtu atatokaje mahali ambapo hajawahi kufika? Nikarudi Tororo nimeinamisha kichwa. Miezi mitatu, na mmoja na zaidi umeshakwenda kwa ajili yangu. Yosefu nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaiambia ile miguu habari yote. Miguu ikajikunja. Kisha akasema kutoka huko chini, "Basi, dada Zaituni. Baba aliyekataa kunilea hatakubali hata kunisaidia."

Kukhu alikuwa amekaa kwenye gurudumu bovu akimenya karanga. "Wamesemaje hao watu?" akauliza.

Nikamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiyejua kusoma. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kitu chochote.

"Sasa hapo kigumu nini? Mimi nilizaliwa Jinja, baba alikuwa kibarua huko. Ukiniuliza natoka wapi, nitasema Jinja? Mimi mtu wa Lumino. Huko ndiko wazee wetu wamelala. Mtoto wa Yosefu akizaliwa hata Nairobi, mtu wa wapi?"

"Wa..." nikasita. "Wa Uswisi?"

"Wa Grindelmatt!" akafoka, karanga zikamwagika. "Siku ya kwanza nilikwambia! Ukasema Kukhu tufupishe. Jakobo aliniambia, mimi ni mtu wa Grindelmatt, sijapaona kwa macho, lakini ndiko kwetu. Nikampenda hapo. Nikasema, kumbe Wazungu nao wana ukoo! Wengine wote waliokuja pale walikuwa wanatoka Landan tu."

Yosefu akajivuta kutoka chini ya lori, uso umejaa grisi. "Hilo neno," akasema, "liko kwenye sanduku."

Tukaenda kuliangalia sanduku la vifaa. Kwenye kifuniko, chini ya makovu ya nyundo, herufi zilichongwa kwa mkono: jina la baba na chini yake Grindelmatt. Miaka yote ile Yosefu alidhani ni kampuni iliyotengeneza sanduku.

Nataka vijana mnielewe hapa, kwa kuwa hili ndilo kosa langu kubwa katika kazi, na lile la bahasha ni mchezo tu. Mama alikuja na jibu mdomoni. Mimi, niliyezaliwa na kukulia kati ya watu wanaoulizana ukoo kabla ya jina, nilimkatiza kwa sababu fomu ya Mwingereza ilisema mahali pa kuzaliwa. Nilimwomba Kukhu radhi. Akasema nimletee chumvi ya karanga, yaishe.

Safari hii nilikaa siku nzima na sikumkatiza hata mara moja. Magoti mekundu, nyimbo mbaya, padri aliyefungisha ndoa, chuma kilichofuatwa Mombasa, vyote nikaandika, kurasa mbili na nusu, isipokuwa lile la meno. Mzee Owor aliisoma yote akairudisha bila kusema neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Nikavuka na ndizi.

Jumatano ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya nne mwanajeshi wa mpakani akaniambia, "Mama Ndizi, wewe biashara yako nakufa." Nilikuwa silali vizuri. Kapteni alishatuma watu kupima gereji kwa kamba. Zikabaki siku nne, na siku hiyo Shabani akaniona kwa mbali akaanza kuruka mlangoni kwake, mtu mnene yule. Bahasha ilikuwa nene. Sikuifungua. Niliivusha chini ya kanga, imenigusa tumbo, na nilisoma kila sura ya Kurani niliyoijua.

Tulikwenda ofisini kwa Kapteni sisi watatu. Kukhu akakataa kiti, akakaa sakafuni na karanga zake. Kapteni akageuza bahasha.

"Kwa nini imepita Kenya?"

"Afande," nikasema, "Wazungu hawajui jiografia."

Akafikiri, akakubali. "Fungua. Soma yote kwa Kiswahili. Usiruke kitu."

Ndani mlikuwa na karatasi yenye muhuri mkubwa wa kijiji, na barua ya Kiingereza iliyoandikwa na mwalimu wa huko kwa niaba ya karani. Nikaanza kutafsiri. Kwamba Jakobo ni mtu wa Grindelmatt, kama baba yake na babu yake. Kwamba alituma mwenyewe cheti cha ndoa kutoka Uganda, ikaandikwa kitabuni, kwa hiyo mke wake, Ajiambo wa Lumino, kwa sheria yao ni raia wa Grindelmatt.

"Nani?" akauliza Kapteni.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huyu?" Akainuka nusu kumwangalia Kukhu aliyekuwa anapuliza maganda. "Huyu ni Muzungu?"

"Kwa karatasi, Afande."

"Wananisema nini?" akauliza Kukhu.

"Wanasema wewe ni mtu wao."

"Si ndiyo? Niliolewa kwa ng'ombe watano."

Nikaendelea. Kwamba chini ya jina la mama limeandikwa la mtoto, Yosefu, mwana halali, kwa mkono wa karani wa wakati huo, kutokana na barua ya baba iliyojaa furaha. Hapo Yosefu alishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutamba, sauti imepanda kama ya mtangazaji wa redio, na ndipo macho yangu yakafika mstari uliofuata kabla ya mdomo. Nikanyamaza.

"Soma!" akasema Kapteni. "Nimesema usiruke!"

Nikasoma. Kwamba Jakobo alifariki Mombasa kwa homa, siku kumi na moja baada ya kuondoka Tororo, akazikwa hukohuko. Kwamba habari ilifika kijijini, na ndugu zake wakaandika kumwarifu mjane kupitia kiwanda cha pamba, barua ikarudi, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kwamba wanafurahi mno kusikia kuwa mama na mtoto wapo hai.

Kukhu aliweka karanga chini. "Siku ngapi?"

"Kumi na moja, Kukhu."

"Kwa hiyo hakupanda meli."

"Hakupanda."

"Alikuwa anafuata chuma tu," akasema. "Alikuwa anarudi." Akamtazama mwanawe. "Yosefu, baba yako alikuwa anarudi. Na mimi nimemtukana miaka yote hii."

Kisha akalia. Hakulia kilio cha ofisini. Alilia kile cha kwao, cha mjane, kinachoanzia chini kabisa na kusikika mpaka sokoni. Makarani wakatoka kwenye vyumba vyao. Yosefu alipiga magoti akamkumbatia. Kapteni alivua kofia. Alikuwa mwizi na sitamsafisha, lakini hapo alivua kofia na kusema, "Pole, mama." Akalivuta faili, akakuna shingo.

"Mimi nimeambiwa Wahindi," akasema. "Ya Wazungu sijaambiwa kitu." Akaandika, akagonga muhuri, akatusukumia kwa ncha ya kalamu. Yosefu abaki na gereji yake. Tukatoka haraka asije akaambiwa kitu.

Mngedhani yameishia hapo. Nami nilidhani hivyo, nikawa nawaza chai. Lakini Kukhu alipofika gereji alikaa chini katikati ya uwanja wenye mafuta, akanyoosha miguu, akafungua kilemba, akaanza msiba wa mume wake kana kwamba amekufa asubuhi ile. Nani atamwambia amechelewa? Yosefu alizima injini zote. Mke wake akawasha moto wa kupikia. Na majirani, wale ambao kwa miezi mitatu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara wasije wakaonekana na "Mhindi", walisikia kilio wakasimama. Mtu huwezi kusikia msiba ukapita. Akaja wa kwanza na kuni. Akaja mwenye maji. Wakaja Wasamia kutoka Lumino kwa lori, wakaja Wajapadhola, wakaja akina mama wa Kiislamu wa mtaani kwetu na sufuria zao, na wanajeshi wawili waliokuwa wamefuata pikipiki yao wakakaa pia, kwa kuwa hakuna wa kuwapa.

Kila aliyeingia alimshika Yosefu mkono na kumwambia pole kwa kumpoteza baba. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona uso wake ukibadilika kwa kila mkono. Alikuwa anaambiwa kitu ambacho muhuri wa Kapteni haukusema.

Kisha mzee mmoja wa Lumino akainuka. Kwa desturi, akasema, watu wa ukoo wa marehemu ndio husimama na kueleza alivyougua na alivyokufa, ili waliokuja walie wakijua. Hapa ukoo wa mama upo. Wa marehemu yuko nani?

Watu wakatazamana. Yosefu akaanza kuinuka, mzee akamzuia, kwa kuwa mfiwa hajielezei mwenyewe. Kukhu aliinua uso wake uliovimba, akanitazama mimi, na barua mkononi mwangu.

"Yuko," akasema. "Huyo hapo. Na asifupishe."

Basi nikasimama, mimi Zaituni binti wa dereva wa lori, Mwislamu wa Tororo ambaye mlima mrefu niliowahi kuupanda ni ule wa mawe hapo mjini. Nikajitanda kanga vizuri, nikafungua karatasi, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani: "Sisi watu wa Grindelmatt tumekuja kuwaambia jinsi ndugu yetu alivyofariki."